Moto kichaa kijijini: namna ya kutunga sheria ndogo, kutoa vibali na kuchoma mapema

Katika ukanda wa miombo, kuanzia Tabora na Katavi hadi Ruvuma na Lindi, sheria ndogo ya moto mara nyingi huwa na neno moja tu: marufuku. Hata hivyo Septemba ikifika, vilima vinawaka usiku kucha. Nyasi zilizoota tangu Novemba zimefika urefu wa mtu na kukauka. Mkulima bado ana shamba la kusafisha, mfugaji bado anataka majani machanga, mrina asali bado anahitaji moshi. Waliokosa ruhusa Juni huchoma kwa siri Septemba, na aliyewasha kwa siri hukimbia, hakai kuulinda moto wake.

Mwongozo huu ni wa halmashauri za vijiji, watendaji na kamati za maliasili. Unaeleza namna ya kuruhusu moto mdogo kwa wakati wake na kwa maandishi, ili ule mkubwa ukija ukose cha kula.

Tahadhari kabla ya yote: uchomaji wa mapema, yaani kuchoma nyasi kabla hazijakauka kabisa, ni wa miombo na mbuga za nyasi. Misitu minene ya milimani kama ile ya Usambara na Uluguru, vyanzo vya maji, na mashamba ya misindano na mikaratusi hayachomwi kwa utaratibu huu. Huko kazi ni kuzuia moto usiingie. Moto wa Oktoba 2020 kwenye Mlima Kilimanjaro ulihitaji mamia ya watu kuuzima, na uoto wa kule juu hurudi polepole mno.

Jueni moto wenu unatoka wapi

Kabla ya kuandika sheria, kaeni siku moja na wenyeviti wa vitongoji, warina asali, wafugaji, wachoma mkaa na wazee wanaokumbuka misimu iliyopita. Chora ramani ya kijiji kwenye karatasi kubwa. Weka alama pale moto ulipoanzia miaka mitatu iliyopita, si pale ulipoishia. Mara nyingi alama zitajipanga: kando ya njia ya mifugo, ukingoni mwa mashamba mapya, karibu na mizinga, kwenye matanuri ya mkaa. Hizo alama ndizo zitakazowaambia vibali vitolewe kwa nani na doria ipite wapi.

Kumbukumbu za watu zipimeni kwa setelaiti. Mfumo wa FIRMS wa NASA, shirika la anga la Marekani, huonyesha moto unaoonekana kutoka angani; ni wa bure, unafunguka kwenye simu, na ukijiandikisha hukutumia barua pepe moto unapoonekana katika eneo ulilochora. Mtendaji mmoja mwenye simu janja anatosha kwa kijiji kizima. Lakini mjue mipaka yake. Setelaiti zenye kihisi cha VIIRS hupita karibu saa saba na nusu mchana na saa saba na nusu usiku, kwa hiyo moto uliowashwa jioni na kuzimika saa tatu usiku unaweza usionekane kabisa. Kila nukta inawakilisha kipande cha takribani meta 375 kwa 375. Kwa hiyo nukta inakuambia uende ukaangalie. Haitoshi kumtia mtu hatiani kwa shamba lenye ekari mbili.

Sheria ndogo inayosimama

Sheria ya Misitu Na. 14 ya mwaka 2002 inataka ruhusa kabla ya mtu kuchoma uoto, na inatambua misitu ya hifadhi ya kijiji. Uwezo wa kijiji kutunga sheria ndogo unatoka kwenye Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) Na. 7 ya mwaka 1982. Njia ni hii: kamati ya maliasili inaandika rasimu, halmashauri ya kijiji inaijadili, mkutano mkuu wa kijiji unatoa maoni yake, kisha rasimu na mihtasari vinapelekwa wilayani kwa idhini ya baraza la madiwani. Kabla ya idhini hiyo, karatasi mliyonayo ni rasimu tu.

Hapa ndipo vijiji vingi huanguka. Faini inatozwa wakati rasimu bado iko kwenye jalada wilayani, mtuhumiwa anakwenda Mahakama ya Mwanzo, na kijiji kinashindwa. Au idhini ipo lakini muhtasari wa mkutano mkuu hauna orodha ya mahudhurio yenye sahihi. Peleka nakala tatu, dai nakala moja yenye mhuri wa mapokezi na tarehe, na ufuatilie kila kikao cha madiwani mpaka upate jibu. Mwanasheria wa halmashauri aisome rasimu mapema, hasa kifungu cha faini, kwa sababu kiwango chake hakiwezi kuzidi kile kilichowekwa na sheria mama.

Vifungu ambavyo havipaswi kukosekana: tarehe ya kufungua na kufunga msimu wa kuchoma, nani anatoa kibali, masharti ya kibali, wajibu wa kila mtu mwenye nguvu kuja kuzima anapoitwa, wajibu wa mwenye moto ulioponyoka kutoa taarifa mara moja, na faini. Kwenye faini tofautisha mambo mawili. Mtu mwenye kibali ambaye moto umemponyoka na akapiga simu papo hapo asiadhibiwe sawa na aliyewasha bila kibali na kutoroka. Mkiwaadhibu sawa, hakuna atakayepiga simu.

Tarehe ya kufunga isiwe ya kudumu kama jiwe. Andikeni, kwa mfano, 31 Julai, kisha mwipe halmashauri ya kijiji uwezo wa kuisogeza wiki mbili mbele au nyuma kwa tangazo, kwa sababu mvua za Aprili hazilingani mwaka hadi mwaka.

Kibali

Kibali cha kuchoma mapema kiwe bure. Kukitoza ada kunaonekana kama chanzo cha mapato, lakini shilingi elfu tano zinatosha kumrudisha mkulima kwenye kiberiti cha usiku. Kiandikwe kwenye kitabu chenye nakala tatu: moja ya mwombaji, moja ya mwenyekiti wa kitongoji, moja ibaki ofisini. Kiwe na jina, kitongoji, ukubwa kwa ekari, tarehe, saa ya kuwasha, idadi ya watu watakaokuwepo, zana walizonazo, na sahihi za majirani wote wanaopakana. Muda wake usizidi siku tatu. Kibali cha wiki mbili humpa mtu nafasi ya kuchoma siku ya upepo. Mwenyekiti wa kitongoji aende kuona eneo kabla ya kusaini. Akisainia nyumbani kwake, kibali hicho hakina kazi.

Kibali cha pili ni cha mashamba, kwa ajili ya wanaosafisha Septemba na Oktoba. Hiki ni kigumu zaidi kwa sababu msitu umeshakauka. Kwanza shawishini watu waache mabaki yaoze kama matandazo. Asiyekubali afuate masharti haya: pembeni mwa shamba palimwe ukanda wa meta 4 hadi udongo mtupu uonekane, takataka zirundikwe katikati, angalau meta 10 kutoka ukingoni, kuwasha kuanze baada ya saa kumi na moja jioni, yawake marundo mawili tu kwa wakati mmoja, na mtu alale pale. Siku ya upepo kibali kinasimama chenyewe, hata kama tarehe yake haijaisha.

Mrina asali asihitaji kibali cha kuchoma, ila awe na masharti yake: bomba la moshi badala ya mwenge wa nyasi, na dumu la maji chini ya mti. Mchoma mkaa asafishe meta 5 kuzunguka tanuri na asiliache bila mlinzi siku ya kulifungua, maana hapo ndipo makaa hupata hewa.

Jambo moja la haki: mwenyekiti au mtendaji anapotaka kuchoma shamba lake, kibali kisainiwe na mtu mwingine wa halmashauri. Watu huiangalia sahihi hiyo kuliko mnavyodhani.

Barabara za moto

Barabara ya moto ni ukanda uliosafishwa ambao moto ukiufikia unakosa nyasi. Njia, mito na mashamba yaliyovunwa tumieni kama sehemu yake, mpunguze kazi. Pale pasipo na kitu, fanyeni mistari miwili sambamba yenye upana wa meta 2 hadi 3 kila mmoja, iliyofyekwa na kukwanguliwa kwa jembe na reki hadi udongo, kisha nyasi zilizobaki katikati, ukanda wa meta 15 hadi 20, zichomwe mapema Mei au Juni. Huo weusi wa katikati ndio utakaozuia moto wa Septemba. Mstari mmoja wa meta 3 peke yake hauzuii kitu mbele ya nyasi ndefu na upepo.

Takataka zilizofyekwa zitupwe upande utakaochomwa, si upande mnaoulinda. Miti mikavu iliyosimama karibu na mstari ikatwe au izungushiwe udongo mtupu, kwa sababu mti mkavu ukishika moto hurusha cheche meta nyingi kupita barabara yenyewe.

Msikisie idadi ya siku. Pimeni kazi ya siku ya kwanza: kama watu kumi wamemaliza meta 300, kilometa nne zitachukua siku kumi na nne. Anzeni kwa hesabu hiyo, si kwa matumaini.

Siku ya kuchoma

Kalenda inasaidia, lakini nyasi zenyewe ndizo zinazosema. Ng'oa shina moja ulipinde. Likijikunja lote bila kukatika, bado mapema. Likikatika juu na kukunjika chini, karibu na mzizi ambako bado kuna ukijani, wakati umefika. Likivunjika kote kama njiti ya kiberiti, mmechelewa: fungeni msimu. Moto wa mapema hupita chini, unaacha viraka vya majani mabichi, na miche ya mninga na mpingo hubaki hai. Miti ya miombo huanza kutoa majani mapya, yale mekundu, kabla ya mvua, kuanzia Agosti hadi Oktoba. Moto wa wakati huo unayakuta machanga na kuyababua hadi vileleni.

Kikosi kisipungue watu kumi: kiongozi mmoja, wawashaji wawili, wapigaji wanne, wawili wenye mabomba ya maji, na mmoja anayetazama upande wa nje tu, kazi yake ikiwa kuona cheche zilizoruka. Nguo ziwe za pamba, suruali ndefu na viatu vilivyofungwa. Nailoni huyeyuka na kushika ngozi. Yeboyebo na kandambili zibaki nyumbani. Kila mtu awe na maji ya kunywa lita 4.

Kipigio hutengenezwa kwa kipande cha mpira wa tairi kilichopigiliwa kwenye mpini wa meta 2. Wasiokuwa nacho watumie matawi yenye majani mabichi. Usikiinue juu na kukipiga kwa nguvu, kwani hivyo unarusha cheche upande usiochomwa. Kandamiza mwali, kisha buruta kuelekea palipoungua. Kwa maji, bomba la kupulizia dawa la lita 16 linafaa likioshwa mara kadhaa. Ondoa ncha ya kupulizia ukungu ili maji yatoke kama mshale.

1. Saa tisa alasiri kikosi kikutane barabarani. Kiongozi ahesabu watu, aonyeshe njia ya kukimbilia, arushe vumbi kuona upepo. Upepo ukitingisha matawi makubwa, rudini nyumbani.
2. Saa kumi choma kipande cha majaribio, hatua kumi kwa kumi. Mwali ukipita kiuno, zimeni na mrudi baada ya saa moja au siku nyingine.
3. Anzeni upande ambako upepo unaelekea, kando ya barabara ya moto, ili moto utembee polepole dhidi ya upepo. Kwenye mteremko anzeni juu. Moto unaopanda mlima huongeza kasi takribani mara mbili kwa kila nyuzi kumi za mteremko.
4. Weusi ukifika upana wa meta 15, washeni ubavuni, upande mmoja kwa wakati mmoja. Wawashaji wasitangulie wapigaji, wote waonane.
5. Petroli isiwepo eneo hilo. Mwenge wa nyasi unatosha.
6. Kuwasha kukome saa kumi na mbili. Baridi na umande vitamaliza kazi.

Moto mwingi unaoitwa umeponyoka huponyoka kesho yake mchana, si jioni ile. Kisiki kilichoungua kwa ndani, mzizi unaofuka chini ya udongo au kinyesi cha ng'ombe kilichoshika makaa hukaa kimya usiku kucha, halafu upepo wa saa saba mchana unakipuliza. Kwa hiyo watu wanne warudi siku ya pili na ya tatu, kati ya saa tano asubuhi na saa tisa alasiri, na wapite ukingo wote hadi meta 20 ndani ya weusi. Macho hayatoshi. Peleka nyuma ya kiganja karibu na kisiki, bila kukigusa. Ukihisi joto, fukua, mwagia maji, koroga na udongo, kisha pima tena. Kufunika kwa udongo bila kukoroga kunahifadhi makaa kama jivu la jikoni.

Moto ukija wakati usio wake

Awepo kiongozi mmoja tu, ajulikane tangu Mei, na msaidizi wake. Mwenye kuona moto ampigie mwenyekiti wa kitongoji; ngoma au kengele ya shule iite watu; mtendaji ampigie afisa misitu wa wilaya na, kama hifadhi ya serikali iko jirani, ofisi ya TFS (Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania). Namba ya Zimamoto ni 114, ila gari lao likiwa mbali msisubiri.

Shambulieni kutoka nyuma, palipoungua, mkienda na ubavu kuelekea kichwa cha moto. Msisimame mbele ya moto unaopita urefu wa mtu, wala juu yake mlimani. Ukizidiwa, ingia kwenye weusi. Watu wanaokufa kwenye mioto ya nyasi mara nyingi walikimbia kupanda mlima. Moto wa kukinzana, ule wa kuwasha mbele ili mioto miwili ikutane, uwashwe na waliofundishwa tu, kwa amri ya kiongozi. Mwisho hesabuni watu tena, mlinganishe na hesabu ya mwanzo.

Daftari na usimamizi

Sheria isiyo na daftari haisimamiwi. Kila moto upate mstari wake: tarehe, saa ulipoonekana, aliyetoa taarifa, mahali, chanzo, kama kulikuwa na kibali na namba yake, saa kikosi kilipofika, ekari zilizoungua, hatua iliyochukuliwa. Chanzo kisipojulikana, andikeni "hakijulikani"; msiandike "wafugaji" kwa mazoea. Chuki nyingi kati ya wakulima na wafugaji huanzia kwenye mstari kama huo.

Mkutano mkuu wa kijiji wa kila robo mwaka usomewe namba hizi kwa sauti, na zibandikwe ubaoni: vibali vilivyotolewa, mioto isiyo na kibali, ekari zilizoungua kabla ya tarehe ya kufunga na baada yake, faini zilizotozwa na zilikotumika. Kipimo cha mafanikio ni ekari za baada ya kufunga. Zikipungua, mpango unafanya kazi hata kama jumla ya mioto imeongezeka, kwa kuwa mioto ya Juni ndiyo mliyoitaka. Kila faini iwe na stakabadhi ya serikali. Faini ya mkononi inaua utii wa kijiji kizima kwa msimu mmoja.

Mipaka haizuii moto, hivyo kutaneni na vijiji jirani Aprili na mwandike makubaliano: wiki gani ya kuchoma, nani anasafisha kipande gani cha mpaka, namba za simu za viongozi wa vikosi. Hifadhi ya serikali kuu ipewe taarifa kabla, na ndani yake msiwashe chochote bila wenyewe kuwepo.

Mvua za kwanza zikinyesha, kusanyeni vipigio, reki na mabomba, mviandike na mvifungie stoo. Andikeni pia kilichopungua, wakati bado mnakikumbuka. Mwaka wa fedha wa serikali huanza 1 Julai, nanyi mnahitaji zana mwezi Mei. Kwa hiyo reki na mabomba ya msimu ujao yaingizwe kwenye bajeti ya mwaka wa fedha unaoendelea, na yanunuliwe kabla ya Aprili.